Siku ya Thelathini na Moja ya Shaabani

Nilipofika miaka ishirini na mitatu nilikuwa bado nalala kwa mama. Nilikuwa katika banda la vijana lililokuwa uani, pamoja na wadogo zangu watatu, magunia ya ufuta, majembe sita, na kuku mmoja aliyekuwa na haki kuliko sisi sote kwa sababu alikuwa anataga. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miguu mirefu isiyo na mfano. Alilala kichwa chake kikiwa Ruangwa na nyayo zake zikiwa karibu na Nachingwea, na mbavu zangu zilikuwa njiani.

Msidhani sikuwa na kazi. Wakati ule, mwishoni mwa miaka ya arobaini, Wazungu walikuwa wamekuja Nachingwea kulima karanga kwa mashine, nami nilikuwa karakana, kazi yangu kupaka grisi matrekta. Niliyapaka matrekta mengi hata ngozi yangu ilikataa kulowa mvua. Kila mwisho wa mwezi nilipata mshahara, nikadandia lori au nikatembea, nikafika nyumbani kwetu ng'ambo ya Ruangwa, upande wa Narung'ombe. Na kila nilipofika, nyumba nzima ilikuwa inanisubiri kwa mapenzi makubwa. Huyu anaingia jandoni, yule hana kaniki, mjomba anadaiwa kodi ya kichwa. Jumapili nilirudi kazini mtupu kama nilivyozaliwa, tofauti ni kwamba sasa nilikuwa na ndevu.

Na vitu vilikuwa vimepanda. Tangu Wazungu wafike, kuku aliuzwa kwa bei ya mbuzi, mbuzi kwa bei ya ng'ombe, na ng'ombe sijui, hatukuthubutu kuuliza. Karanga zenyewe zilikuwa hazijaota vizuri, lakini bei zilikuwa zimeshastawi.

Kijana wa leo akisoma haya atauliza: nyumba ya udongo na nyasi ina gharama gani? Miti iko porini, udongo uko chini ya miguu, nyasi ziko bondeni. Ni kweli. Lakini mtu mmoja hajengi nyumba. Ilikuwa lazima ualike watu, waje siku moja wasimamishe nguzo, wafunge fito, wakandike. Watu hao hawalipwi, ila wanalishwa, tena pale pale penye kazi, jua likiwa utosini. Ukialika watu bila chungu motoni utasemwa mpaka uzeeni kwamba ulitaka watumwa. Kwa hiyo nyumba yetu haikuhesabiwa kwa nguzo, ilihesabiwa kwa matumbo. Matumbo arobaini ya wanaume waliotoka kuvuna, na kila moja, nawaambia kweli, lingeweza kuhifadhi debe la mchele na nafasi ikabaki ya chai.

Hilo ndilo lililonishinda miaka miwili. Mchele wa kulisha watu arobaini ulikuwa unaliwa na watu wanane wa kwetu kabla haujafika arobaini.

Kisha nikapata mchumba. Desturi yetu ilitaka mimi ndiye nihamie kwao, nikalime kwa wakwe. Lakini mama yake alikuwa na mabinti wanne walioolewa kabla ya huyu, na waume zao walikuwa wamejaa uani kwake kama vifaranga. Akamwambia mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga:

"Huyu wa kwako asije kwangu, sina pa kumweka. Ajenge kwenu. Ila iwe nyumba, siyo kibanda cha kuwindia ngedere. Binti yangu hatalala chini ya paa la mama wa mtu."

"Atajenga," mjomba akasema.

"Lini? Kuna fundi cherehani Ruangwa mjini, ana nyumba ya bati, ameshatuma watu mara mbili. Nampa huyu wako mpaka Idi. Idi ikinikuta hana nyumba, mizigo yenu ya posa nitairudisha na sitagombana na mtu."

Binti mwenyewe alinitumia salamu kupitia kwa dada yake: "Mwambie mimi bati linanipigia kelele mvua ikinyesha, silipendi. Lakini nyasi ambazo hazijakatwa silali chini yake."

Nikabana. Miezi minne sikununua hata sigara. Nikaomba likizo ya siku kumi na nne. Nikapata gunia la mchele, na beberu mmoja kutoka kwa mtu wa Namungo, beberu mkubwa ambaye kwa mbali ulidhani ni punda aliyefuga ndevu.

Sasa hapa lazima nieleze elimu yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Pale kambini Nachingwea kulikuwa na shule ya jioni kwa wafanyakazi, chini ya karabai, mwalimu wetu akiwa karani mmoja mpole sana. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mbele. Nilijifunza kusoma, kuandika, kupima kwa futi, na jambo moja lililonifurahisha kuliko yote: kujua siku za mwezi kwa ngumi. Unakunja ngumi, unahesabu kuanzia kifundo cha kidole cha shahada. Mwezi ukiangukia kifundo una siku thelathini na moja, ukiangukia bonde una thelathini au pungufu. Nilikuwa natembea na ngumi yangu barabarani kama mtu anayetafuta ugomvi.

Nikafikiri: siku nzuri ya kualika watu ni siku ya mwisho kabla ya Ramadhani. Siku ya kuvunja jungu, kila mtu anataka nyama, hakuna atakayekosa. Nikaikunja ngumi. Ukianza na Muharamu, Shaabani ni mwezi wa nane. Mwezi wa nane unaangukia kifundo. Kwa hiyo Shaabani ina siku thelathini na moja, na siku ya thelathini na moja ni Alhamisi. Nikatangaza Alhamisi, vijiji vitatu, na kwa waliojua kusoma nikawapelekea barua.

Mama ndiye pekee aliyeniuliza. "Baba, hiyo Alhamisi umeiangalia vizuri? Mwezi je?"

"Mama, mwezi nimeupigia hesabu."

"Mimi nimezoea kuutazama."

"Ndiyo maana kuna shule, mama."

Akanyamaza. Mama yangu alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo ungeweza kuisikia ukiwa Mkotokuyana.

Jumatano alasiri tukamchinja beberu, ili nyama ilale imekatwa na alfajiri ipande motoni. Nguzo zilikuwa zimelazwa tayari kwenye kiwanja alichonikatia mjomba, hatua themanini kutoka mlango wa mama. Nilikuwa nimesimama pale na fimbo yangu ya futi, napima hewa, nikiona vyumba viwili, veranda na pengine ghorofa, jua lilipozama. Nikasikia kelele upande wa shamba la mbaazi. Watu wanapiga madebe. Watoto wanakimbia wanaimba. Mwezi umeandama.

Nikainua macho. Ulikuwa pale, mwembamba kama ukucha, na hakukuwa na mtu duniani ambaye hakuuona.

Mjomba akaja polepole, kanzu imekunjwa begani. "Bwana shule," akaniita, "leo Shaabani kwako ni ngapi?"

"Thelathini, mjomba."

"Na kesho?"

"Thelathini na moja."

"Tangu Adamu, mwezi wa Kiislamu umeupatia wapi thelathini na moja?"

Nikamwonyesha ngumi. Akaikamata kwa mikono miwili, akaigeuza, akakagua kifundo kimoja kimoja kama anayenunua muhogo. "Hii ngumi," akasema, "imesilimu?"

Watu waliokuwa wakipita wakaanguka chini kwa kicheko. Mimi nilikuwa karibu kulia. Nilikuwa nimewaalika watu arobaini, au sitini nikisimulia nikiwa nimeshiba, kula mchana katika siku isiyokuwepo.

"Lakini mjomba, ulijua. Mbona hukusema?"

"Nilijua," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Nikajiambia, huyu anatoka Nachingwea. Kule wanalaza msitu mzima kabla ya chai ya saa nne. Watu wanaoweza kulaza msitu watashindwa kuongeza siku moja kwenye mwezi? Nikaona aibu kukuuliza."

Neno hilo nimelibeba miaka mingi. Mtu mzima aliyeutazama mwezi maisha yake yote alikuwa ameamua macho yake ndiyo yaliyokosea, kwa sababu mimi nilikuwa na kalamu mfukoni.

Tukarudi uani. Beberu alikuwa amening'inia, amechunwa, anatungoja. Nikasema basi tuwaite watu usiku huu wale, nyama isioze, kazi tutaipanga baada ya Idi. Nilisema hivyo nikijua kwamba baada ya Idi hakuna kazi, kuna fundi cherehani.

"Ukiwalisha leo," mama akasema, "kesho utajengewa na nani?"

"Kesho wamefunga, mama. Hawawezi kula."

"Kula hawawezi. Mikono imefunga nayo?" Akachukua kisu. "Leteni kuni mbichi. Mwacheni huyu na ngumi yake."

Akamkata beberu vipande vidogo vidogo, akavipanga juu ya kichanja, akawasha moto wa moshi chini yake. Wale waliokuwa wakicheka akawapa kazi ya kusukuma kuni. Alisema neno moja tu kwa watu waliokuwepo uani: atakayekuja asubuhi baada ya sala, akafanya kazi mpaka jua lianze kuuma, jioni atafuturu hapa. Asiyeweza, Mungu amsaidie na swaumu yake.

Asubuhi walikuja tisa. Kesho yake saba. Siku ya tatu kumi na mmoja, na miongoni mwao wawili ambao sikuwahi kuwaalika. Wengi wa wale arobaini sikuwaona, na siwalaumu. Kusimamisha nguzo ukiwa na kiu siyo mchezo. Lakini mtihani mkubwa ulikuwa udongo. Ujaribu siku moja: ukiwa umefunga, koo limekauka, usimame ndani ya shimo la maji na udongo, ukanyage tangu asubuhi mpaka saa tano. Miguu inakunywa na wewe unaitazama. Mzee mmoja alisema miguu yake imeshafungua, ataidai baadaye ilipe.

Tulifanya kazi kwa matusi na utani. "Bwana shule, leo ni tarehe arobaini?" "Bwana shule, hiyo nguzo ipimwe kwa kifundo au kwa bonde?" Nilijibu kila mmoja. Nilikuwa natia chumvi hata kwenye kosa langu, nikawaambia kwamba kwa kweli mwezi ndio uliokosea, nimeshauandikia barua. Lakini nikiwa peke yangu bondeni nakata nyasi nilikuwa nahesabu siku zilizobaki za likizo, na hesabu hiyo haikuhitaji ngumi.

Jioni walioshinda nasi walikaa kwenye sakafu ya nyumba isiyo na kuta kamili, mama akaleta mbaazi na wali, na ndani ya mbaazi vipande vya beberu vilivyokauka moshi, kila mtu vitatu. Sijawahi kuona mbuzi aliyefanya kazi nyingi baada ya kufa kama yule. Alitulisha siku tisa. Nami nilianza kuelewa kitu ambacho shule ya jioni haikunifundisha. Ile siku moja niliyoipanga, watu wangekuja kwa ajili ya chungu, wangejenga kwa haraka ili wafike kwenye chungu. Hawa walikuja wakati chungu kimefunikwa.

Siku ya tisa ya mfungo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwangu. Kesho yake ilinipasa kuondoka, la sivyo kazi ya grisi angepewa mwingine. Kuta zilikuwa zimesimama. Chumba cha mbele kilikuwa kimeezekwa karibu chote. Chumba cha nyuma kilikuwa na fito tupu, nyasi zilikuwa zimekwisha na wakataji walikuwa wamechoka. Nilikuwa juu ya paa nafunga kamba za magome niliposikia sauti chini.

"Hodi hapa!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe.

Asiyejua desturi zetu ataona jambo dogo. Kwetu kijana hatazamani na mama mkwe. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia kichakani, hata kama kichaka ni cha upupu. Husemi naye ana kwa ana. Na mimi nilikuwa juu ya kichwa chake, miguu inaning'inia, ngazi iko hatua mbili kutoka aliposimama. Nikalala kifudifudi juu ya nyasi kama mjusi.

"Karibu, dada," mama alimpokea. "Karibu na swaumu yako."

"Swaumu inapanda. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Mama hakupenda kusema uongo, tena mwezi wenyewe ule. "Yupo," akasema, "ila hayupo chini."

Kisha nikamsikia mama mkwe akijifunika kanga. "Basi mwambieni huyo asiyekuwa chini kwamba sijamwona."

"Umesikia?" mjomba akanipazia sauti. "Hujaonwa!"

"Mwambie shikamoo," nikanong'ona.

"Anasema shikamoo."

"Marahaba. Mwambie atulie, vumbi la nyasi linaniingia machoni."

Akaingia ndani. Nilihisi kiganja chake kikigonga kuta, na kila alipogonga, moyo wangu uliitikia. Aligonga ukuta wa kulia, wa kushoto, akatikisa mwimo wa mlango. Kisha sauti ikatoka nyuma.

"Huku mbona naona mawingu?"

"Hicho ni chumba cha hewa," mjomba akasema bila aibu. "Siku hizi Nachingwea wanajenga hivyo."

"Usinitajie Nachingwea. Nachingwea ndiko walikoiongezea Shaabani siku."

Watu wote walicheka, hata mama. Mimi pia nilicheka, nikizuia pumzi, na paa zima likatetemeka, nyasi zikamwagika. Nililala pale nikitazama mkono wangu ulioshika fito, nikafikiri: akisema hapana sasa, nitashuka na kurudi kwenye banda la vijana, na nitalala pale mpaka mvi zinitoke.

Mama mkwe akatoka nje. "Yule fundi cherehani," akasema, "nilikwenda kwake wiki iliyopita. Bati linang'aa. Nimekaa tangu adhuhuri mpaka alasiri, hakupita hata jirani mmoja kuuliza kama nimekufa. Hapa tangu niingie nimeshasalimiwa na watu kumi na wawili, tena wamefunga, tena wana udongo mpaka masikioni." Akapumua. "Chumba kimoja kinawatosha watu wawili. Hicho cha mawingu ni cha watoto, na watoto bado hawajazaliwa. Mwambieni ashuke, ataanguka na swaumu yake. Mimi nageuka."

Akageuka kweli, akaupa mgongo ukuta, akatazama shamba la muhogo, kanga imefunika kichwa chote. Nikashuka. Ngazi ile ilikuwa na vipandio saba, lakini siku ile nilivihesabu sabini. Nikapita nyuma yake nimeinama, nywele zimejaa nyasi, nikakimbilia nyuma ya jiko.

Idi ilipopita tukaoana, na wali wa harusi, nashukuru, uliliwa siku iliyokuwepo.

Siku ya kuhama nilibeba mkeka, jembe, taa ya chemni na sanduku la madaftari yangu. Hatua themanini. Nilikuwa nimeitamani safari hiyo miaka mitano, nikaimaliza kabla jasho halijatoka. Nilipanga vitu, nikavipanga tena. Mke wangu akasema kiberiti hatuna. Nikarudi kwa mama kuchukua.

Uani hapakuwa na mtu. Nikachungulia bandani: pale nilipokuwa nikilala palikuwa pamefagiwa, na mdogo wangu alikuwa ameshanyoosha miguu yake yote, Ruangwa mpaka Nachingwea, hakuna ubavu njiani. Nikaenda mlango wa mama. Tangu nizaliwe nilikuwa naingia pale kama kuku anavyoingia. Mguu wangu ulikuwa umeshanyanyuka kuvuka kizingiti, ukakataa. Nikaurudisha chini.

"Hodi," nikasema.

Ndani, mchi uliokuwa ukitwanga ukasimama. Mama alikaa kidogo kabla ya kujibu, muda wa mtu anayejifuta mikono.

"Karibu, mgeni," akasema.